Meli Tuipandie Bandari Ipi?

(Mazungumzo ya redio ya juma hili)

Ndugu wasikilizaji, juma hili nimepokea barua kutoka kwa mwalimu mmoja wa Mbinga mjini. Anasema yeye na mkewe wana shamba dogo la kahawa, na wamekata shauri kwamba mwaka huu, fedha za kahawa zikitoka, watawapeleka watoto wao wanne, pamoja na mama yake mzazi, kutembea ziwani. Hawaendi msibani wala hawaendi kwenye biashara. Ni matembezi tu. Watoto hao wamezaliwa kilomita 66 kutoka Ziwa Nyasa na hawajapata kupanda meli hata siku moja. Bibi yao, ambaye umri wake umekwisha pita miaka 70, anasema asingependa kufa kabla hajalala usiku mmoja juu ya maji.

Sasa mwalimu anauliza: meli aipandie bandari ipi? Wenzake shuleni wamemchanganya. Mmoja amemwambia ateremke Mbamba Bay, maana ndiko karibu. Wa pili amemwambia aende Liuli, kwa kuwa huko ana ndugu wa kuwapokea. Wa tatu anasema safari ya kweli huanzia Kyela. Na wa nne, ambaye amewahi kufika Malawi, anamshauri avuke hadi Nkhata Bay akapande meli ya MV Ilala, kwani hiyo ndiyo yenye sifa.

Ndugu wasikilizaji, hili si swali dogo. Watu wengi hudhani kwamba ukishapata nauli umemaliza kazi, na bandari ni mahali pa kupitia tu. Mimi nami nilidhani hivyo, na kosa langu alililipa mtu mwingine. Nitalieleza kwa ufupi, kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Mwaka 1993 nilimsindikiza shangazi yangu kwenda Kyela kumwona binti yake aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Nilichagua bandari iliyokuwa karibu kabisa na kijiji cha shangazi, bandari ndogo ya katikati ya njia ambayo sitaitaja. Nilijisifu kwamba nimemwokolea mzee yule siku nzima ya kutikiswa na gari. Tulifika pale mchana. Meli haikutokea siku hiyo, wala kesho yake. Tukalala mchangani usiku wa pili, bila chandarua, na maji ya kunywa yalikuwa ya ziwani. Meli ilikuja usiku wa manane, nayo haikusogea ufukweni. Ilitia nanga mbali, watu wakapelekwa kwa mitumbwi. Upepo ulikuwa umeanza. Mtumbwi ukipanda, ngazi ya meli inashuka. Mtumbwi ukishuka, ngazi inapanda. Shangazi alikosea hatua moja tu, akavunjika nyonga.

Alirudishwa ufukweni kwa mtumbwi ule ule. Hakutembea tena bila fimbo. Mjukuu wake alimwona miaka mitatu baadaye, alipoletwa yeye mtoto kwa bibi yake. Nilikuwa nimehesabu hatua za kutoka nyumbani hadi bandarini, lakini sikuhesabu hatua za kutoka mchangani hadi melini.

Kwa hiyo, mwalimu, kabla hujauliza bandari ipi ni ya karibu, nakuomba uulize maswali matatu mengine. La kwanza: meli ikichelewa siku moja au mbili, familia yangu inaweza kukaa pale bila kudhurika? La pili: mama yangu atapandaje melini, kwa gati au kwa mtumbwi, mchana au usiku? Na la tatu: nikishateremka mwisho wa safari, nitakuwa na umbali gani kutoka kitandani kwangu? Bandari inayojibu vizuri maswali hayo ndiyo bandari ya karibu, hata kama ramani inasema iko mbali.

Sasa tulitazame ziwa lenyewe. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kaskazini hadi kusini, na kina chake mahali penye shimo refu kinafika kiasi cha mita 700. Sisi Watanzania tunakaa upande wa mashariki wa sehemu yake ya kaskazini. Kule juu kabisa, Kyela, ziko bandari za Itungi na Kiwira. Ukitoka huko kuja kusini unapita chini ya milima ya Livingstone, ambayo inaporomoka moja kwa moja mpaka majini. Viko vijiji pale ambavyo kwa miaka mingi havikujua njia nyingine ila maji na miguu. Kisha unafika Lupingu na Manda katika Wilaya ya Ludewa, na ukishavuka mlango wa Mto Ruhuhu umeingia Mkoa wa Ruvuma. Huku kwetu meli hupita Lituhi, Ndumbi, Lundu na Liuli, na mwisho hufika Mbamba Bay. Ufuko wote huu wa Ruvuma ulikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga hadi ilipomegwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012.

Wazee watakumbuka meli za MV Iringa na MV Songea zilizoitumikia njia hii kwa miaka mingi. Meli mpya ya abiria iliyojengwa kwa ajili ya upande wetu, MV Mbeya II, ilianza kazi mwaka 2021, nayo imeundwa kubeba abiria 200 pamoja na mizigo tani 200. Ziko pia MV Njombe na MV Ruvuma, lakini hizo ni za mizigo. Usimpeleke mama yako akategemee meli ya makaa ya mawe na saruji.

Sifa kubwa ya njia hii ni kwamba ina ncha mbili, Kyela na Mbamba Bay, na katikati yake ni vituo. Hapo ndipo penye siri ya kuchagua. Kwenye ncha, meli hugeuza. Inateremsha watu, inapakia mizigo, inatia mafuta, inapumzika. Unaiona kwa macho yako kwamba imefika, na huwezi kuambiwa imekwisha kupita usiku. Unapanda ikiwa tupu, unachagua mahali pa kumlaza mzee mbali na moshi na mbali na upepo. Kwenye kituo cha katikati, saa ya meli hutegemea yote yaliyotokea huko nyuma: mizigo iliyochelewa kushushwa Manda, mawimbi ya Lupingu, injini iliyosumbua. Kila kituo kinaongeza uchelewaji wake juu ya ule wa mwenzake. Nawe unapanda ukiwakuta wenzako wamekwisha tandika mikeka kila mahali.

Basi tuzipime bandari moja moja.

Mbamba Bay iko kwenye ghuba iliyokingwa na vilima, kwa hiyo maji yake hutulia kuliko ya ufuko ulio wazi. Zamani kuteremka kutoka Mbinga hadi pale kulikuwa ni adhabu. Gari lilishuka kona kwa kona, na masika yakichachamaa ulikaa njiani ukisukuma. Siku hizi kilomita zote 66 ni lami, na mtu anakunywa chai Mbinga asubuhi akala dagaa wa Nyasa mchana. Zipo nyumba za kulala wageni, kuna zahanati na maduka, na ni makao makuu ya wilaya. Meli ikichelewa siku mbili, watoto wataogelea, hawataugua njaa. Desemba 2023 Serikali ilitia saini mkataba wa kujenga bandari mpya pale, kwa hiyo uliza mapema ni upande gani abiria wanapandia.

Liuli nayo ina bandari ya asili iliyo nzuri sana. Wajerumani waliliona hilo mapema. Waliiita Sphinxhafen, kwa sababu ya lile jiwe kubwa la Pomonda lililosimama majini, ambalo kwao lilifanana na sanamu ya kale ya Misri. Hapo ndipo walipoipandisha nchi kavu meli yao, Hermann von Wissmann, ili kuitengeneza. Mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Guendolen ikaja kuishambulia, na inasemekana nahodha wa Kijerumani hakuwa hata na habari kwamba vita vimeanza. Kwa hiyo kwa kinga ya upepo Liuli haina lawama. Tena ina hospitali ya misheni ya Kianglikana, jambo ambalo kwa msafiri mwenye mzee si dogo. Tatizo lake ni moja: ni kituo cha katikati. Ndugu wa kukupokea ni baraka, lakini ndugu hawezi kukuambia meli itafika saa ngapi.

Lundu, Lituhi na Manda nazipenda, na watu wake ni wakarimu, lakini kwa safari ya matembezi yenye mzee na watoto sizishauri kwa kuanzia. Ndumbi iko kwa ajili ya kazi nyingine hasa: ndiyo bandari ya makaa ya mawe yanayochimbwa Ngaka. Anayekaa huko na apande huko, hana njia nyingine. Anayetoka Mbinga hana sababu.

Kyela ni ncha ya pili. Hapa pana jambo la kujua. Bandari ya Itungi imesumbuliwa kwa miaka mingi na mchanga unaoletwa na mito, na mara nyingi shughuli huhamia Kiwira. Mgeni asiyeuliza anaweza kuisubiri meli Itungi nayo ipo Kiwira. Zaidi ya hayo, kutoka Mbinga hadi Kyela kwa barabara ni lazima uzunguke Songea, Njombe, Makambako na Mbeya, njia ya zaidi ya kilomita 600. Kwa kijana ni safari. Kwa bibi wa miaka 70 ni safari mbili.

Na Nkhata Bay je? MV Ilala ni meli yenye historia, haina ubishi. Iliundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande, nayo ilianza kazi ziwani mwaka 1951. Huwa inapita kisiwa cha Likoma, chenye kanisa kuu la mawe la Waanglikana, ambalo watu wengi wa Liuli na vijiji jirani wanalijua kwa masimulizi ya wazee wao. Lakini mwalimu, Nkhata Bay ni nchi nyingine. Unahitaji hati za kusafiria za watu saba, mihuri ya uhamiaji pande zote mbili, na fedha za Malawi. Halafu lazima kwanza uvuke ziwa ili ukapande meli ya kutembelea ziwa. Chombo kidogo kikiwavusha ninyi saba kwenye maji mapana namna ile, hatari yote ya safari mmeimaliza kabla safari haijaanza. Weka mpango huo kwa mwaka mwingine.

Tukumbuke pia kwamba bandari haichaguliwi bila kuchagua mwezi. Kuanzia Mei hadi Agosti huvuma upepo wa kusi, ambao ndugu zetu wa Malawi wanauita mwera. Upepo huo unakimbia ziwa lote kwa urefu bila kukutana na kizuizi, na mawimbi yake si ya kuchezea. Tarehe 30 Julai 1946, katika msimu huo huo, meli ya Vipya ilizama upande wa Malawi muda mfupi tangu ianze kazi, na watu 145 walikufa maji. Jambo la kusikitisha ni kwamba Juni na Julai ndiyo likizo ya watoto, nasi tunakimbilia ziwani wakati ambao ziwa halitutaki. Kuanzia Septemba hadi Novemba maji hutulia zaidi. Desemba nayo huleta mvua na radi, lakini si upepo wa siku nyingi mfululizo. Ikibidi kusafiri wakati wa kusi, hapo ndipo ghuba iliyokingwa inakuwa na thamani, maana ngazi haichezi.

Neno moja la usalama. Wengi wetu hatujasahau MV Bukoba. Ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo ikaongeza watu, ikazama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza. Mamia ya ndugu zetu walipotea, na chombo kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Meli inaweza kutoka bandari ya kwanza ikiwa salama, ikaharibikiwa bandari ya pili. Anayepandia kwenye ncha anapata nafasi ya kuhesabu kwa macho na kuuliza maboya ya kujiokolea yako wapi. Anayepandia katikati, usiku, akiwa amesubiri siku mbili, hana moyo wa kukataa kupanda hata akiona hatari. Na mtu asiyeweza kusema "sipandi" amekwisha poteza silaha yake kubwa kuliko zote.

Wenzetu wa Marekani, ambao matembezi ya melini kwao ni biashara kubwa, wanapima mambo hayo hayo. Mtu wa Texas anaweza kuendesha gari lake hadi bandari ya Galveston. Mtu wa Chicago hana budi kupanda ndege kwenda Miami au bandari nyingine ya pwani. Nao wazoefu wana desturi moja: hawafiki bandarini siku ile ile ya kuondoka. Wanalala pale usiku mmoja kabla, kwa sababu ndege ikichelewa, meli haisubiri. Kama wao, wenye ndege na simu za kila aina, wanaona haja ya kufika jana yake, sisi tunaotegemea basi moja la asubuhi tuna haja zaidi.

Sasa nikupe jibu langu, mwalimu, nawe ulipime na mkeo.

Kwa familia yako, pandia Mbamba Bay. Teremkeni siku moja kabla, mlale huko, na msisahau vyandarua, maana ninyi mmezoea baridi ya Umatengo na mbu wa ziwani atawapokea kama wageni wake. Chemsheni maji ya kunywa, na mwulize watu wa hapo ni wapi watoto waogelee bila kupata kichocho. Kabla ya yote, pigeni simu bandarini juma lile lile la safari. Ratiba hubadilika, na ratiba uliyosikia mwaka jana ni hadithi.

Mkitaka safari fupi, kateni tiketi hadi Liuli tu, kama meli inaondoka mchana. Liuli iko karibu na ncha, kwa hiyo uchelewaji hauna nafasi ya kukua, na ndugu yako atakuwa pale kuwapokea. Mtaliona jiwe la Pomonda kutokea majini, kisha mrudi Mbamba Bay kwa gari. Huyo ndugu wa Liuli anafaa zaidi mwisho wa safari kuliko mwanzo wake. Lakini waulize kwanza mabaharia kama pale mnateremka kwa gati au kwa mtumbwi.

Lakini bibi amesema anataka kulala usiku juu ya maji. Basi, akiwa na nguvu, msiishie Liuli. Endeni na meli hadi Kyela, mpumzike huko mpaka igeuze, mrudi nayo hiyo hiyo. Itakuchukua siku nyingi zaidi na fedha zaidi, ila hutamtikisa mzee kilomita 600 za barabara, na safari itakapomalizika mtakuwa mmebakiza kilomita 66 za lami kufika nyumbani.

Vijana wasio na mzee wala mtoto wafanye kinyume: waende Kyela kwa basi, warudi kwa meli. Shida ya barabara waitangulize, wakati mfuko bado una kitu na miguu ina nguvu. Meli ikichelewa, watasubiri Kyela mjini mahali penye chakula. Na kila saa ya maji itakuwa inawaleta karibu na kwao.

Ndugu wasikilizaji, waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwa na maana ya kwamba tuchelewe. Walitaka tupime. Wiki iliyopita nilimtembelea binti wa shangazi, yule aliyekuwa akisubiriwa Kyela. Ile fimbo ya mama yake bado ameiegemeza nyuma ya mlango. Nilipomweleza kwamba nitazungumzia jambo hili redioni, aliniambia: "Kaka, waambie wasiulize meli inaondoka lini tu. Waulize mama atakanyaga wapi."

Nami nimewaambia. Kwa leo naishia hapa.